Kinyozi Anayefuga Maji

Wateja wanakaa kitini, shuka shingoni,
wananitazama kwenye kioo, kisha wanalitazama tangi.
"Fundi, samaki wako wapi?"
Hakuna. Ninafuga maji.
Wanacheka mpaka nainua mashine
nisije nikawaharibia panki.

Lita sitini. Kioo cha fundi madirisha wa Majengo,
gundi ilikauka siku tatu.
Chini changarawe, niliyoiosha mara kumi na moja karaini
hadi maji yalipoacha kufanana na chai ya maziwa.
Maji yenyewe ya Mzakwe, na chumvi yake,
yale yanayoacha ganda jeupe ndani ya birika;
yakitoka Jumatano nayalaza kwenye ndoo isiyofunikwa
dawa ya bomba iondoke na usiku.

Sikuwa hivi. Mwezi wa nne nilikuwa na haraka.
Nilimnunulia Nyemo, mtoto wa dada yangu,
samaki watatu wa rangi ya papai bivu,
nikawatia siku ileile tangi lilipojaa.
Maji yalikuwa angavu, ungesoma gazeti upande wa pili.
Siku ya nne wakapanda juu, midomo wazi,
matamvua yamewaka kama shavu lililopigwa kofi.
Nikawaongezea chakula. Nilidhani ni njaa.

Mwalimu Masinjisa, anayenyolewa kila Ijumaa ya pili,
ndiye aliyeniambia, kidevu kifuani, nikimchonga kisogo:
"Umewafungia chooni, fundi, halafu ukawapelekea wali."
Amonia, akasema. Haina rangi.
Ni uchafu wao wenyewe na makombo yao,
na nyumba bado haina wafagiaji.

Tuliwazika uani, chini ya mzabibu.
Nyemo hakulia. Aliuliza tu,
"Mjomba, ulikuwa hujui, au hukuuliza?"

Sasa nauliza. Kila jioni, nywele zikishafagiwa:
kichupa, maji mpaka kwenye mstari,
matone manane, tikisa, ngoja dakika tano.
Njano ni salama. Kijani ni sumu.
Nilitia dagaa mkavu ndani ya soksi
aoze kwa faida ya wasioonekana,
na sifongo chafu niliyoiomba kwa Lechipya wa Kizota;
nilitembea nayo kwenye kopo la siagi, kiganja juu ya kifuniko,
kama mtu aliyebeba kifaranga.

Siku ya tano, kijani cha mlenda.
Siku ya tisa, kijani cha chupa ya bia.
Siku ya kumi na tatu umeme ukakatika saa kumi jioni;
pampu ikanyamaza, nami nikachota kwa kikombe
na kumimina kutoka juu, hewa iingie, hadi giza,
huku mteja kabaki na upande mmoja wa kichwa.
Hakulalamika sana. Alinishikia tochi ya simu.

Siku ya kumi na tisa kijani kikaanza kufifia.
Nikashangilia mapema: kichupa cha pili,
cha naitraiti, kikawa zambarau kama zabibu.
"Sumu ya kwanza imeliwa, ikatapikwa ya pili,"
alisema mwalimu. "Ngoja zamu nyingine iingie kazini."
Nikapunguza robo ya maji. Niliyoyatoa
nikaumwagia mzabibu.

Mzabibu haukungoja mtu.
Mwezi huu wa saba, upepo ukisukuma vumbi hadi kwenye wembe,
umetoa vikonyo vitatu ukutani.
Sijui kama ni maji, au ni wale watatu.

Leo ni siku ya thelathini na nane.
Kichupa cha kwanza: njano.
Cha pili: bluu ya anga ya saa nne asubuhi.
Nimerudia. Nimetoka nje nikarudia mwangani,
maana taa ya saluni ina tabia ya kudanganya.
Njano.

Nyemo amepita na sare yake ya shule,
pua imeganda kwenye kioo.
"Mbona hamna kitu?"
Wamo. Wengi kuliko watu wa Dodoma nzima.
Wamo kwenye changarawe, kwenye sifongo, wanafagia.
"Wana majina?"
Nimewasha mashine, nikaizima.

Kesho Jumamosi tutakwenda sokoni, namwambia, tukanunue...
"Mmoja," amesema yeye kabla yangu.
"Mmoja kwanza."